Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukaa Muda Mrefu Hotelini kwa Msafiri Anayetumia Kiti cha Magurudumu

Hoteli za kukaa muda mrefu, zile ambazo chumba huwa na jiko dogo, jokofu na meza ya kazi, na ambazo mgeni hulipa kwa wiki au kwa mwezi, zinamfaa sana msafiri anayetumia kiti cha magurudumu, hasa aliyefuata matibabu, masomo au kazi ya miezi michache. Anaweza kujipikia, kufua, kuhifadhi dawa zake kwenye baridi na kupanga vifaa vyake pasipo kuvifungasha upya kila baada ya siku mbili. Hata hivyo, urefu huo huo wa kukaa unadai maandalizi ya kina kuliko safari ya kawaida. Kitanda kilichozidi kimo kwa sentimita kumi kinaweza kuvumilika usiku mmoja kwa msaada wa mtu. Ukikipanda na kukishuka mara nne kwa siku kwa muda wa wiki sita, mabega yako ndiyo yatakayolipa. Kwa hiyo, kila swali utakaloiuliza hoteli liulize ukiwa unafikiria siku ya ishirini, usiishie kwenye usiku wa kwanza.

Anza na vipimo vyako mwenyewe kabla hujaipigia hoteli yoyote. Chukua futi ya kupimia na uandike upana wa kiti ukiwa umekikalia na mikono yako ikiwa kwenye pete za kusukumia, urefu wake hadi ncha za vidole vya miguu, kimo cha kikalio pamoja na mto wake, kimo cha magoti, na kimo cha sehemu za kuegemeza mikono. Ikiwa unatumia kiti cha umeme, andika pia uzito wake ukiwa umekikalia, kwa kuwa lifti ndogo na mbao za mteremko zina kikomo cha mzigo. Viwango vya Marekani hutaka mlango uache nafasi wazi ya angalau sentimita 81 na chumba kiwe na duara la sentimita 152 la kugeuzia kiti, tena njia ya mteremko isipande zaidi ya kipimo kimoja kwa kila vipimo 12 vya urefu. Takwimu hizo ni mizani nzuri ya kuanzia popote uendapo, lakini kiti chako ndicho kipimo cha mwisho, kwani viti vingi vya umeme vyenye mgongo wa kulala huhitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo.

Jambo la pili ni idadi ya vyumba vinavyofaa, na hapa ndipo hoteli za aina hii zinapotofautiana kabisa na nyingine. Nchini Marekani, ambako hoteli hizi ni nyingi, viwango vya ujenzi vya mwaka 2010, vilivyotolewa chini ya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, huitaka hoteli mpya yenye vyumba 51 hadi 100 iwe na angalau chumba kimoja chenye bafu ambalo mtu huingia akiwa kitini. Hoteli yenye vyumba 50 au pungufu hailazimiki kuwa nacho hata kimoja. Katika hoteli ya kawaida chumba kama hicho huachwa wazi baada ya siku mbili tatu. Katika hoteli ya kukaa muda mrefu anaweza kuwamo mtu aliyelipia miezi mitatu, na hakuna wa kumtoa. Weka nafasi mapema kadiri iwezekanavyo, na uulize waziwazi: chumba hicho ni namba ngapi, je, kuna mgeni anayekikalia kwa sasa, na anatarajiwa kuondoka lini? Jina la mgeni si haki yako kulijua, bali tarehe yake ya kuondoka inakuhusu moja kwa moja.

Kanuni za nchi hiyo zilizoanza kutumika Machi 2012 zinazitaka hoteli zieleze sifa za vyumba hivyo kwa undani unaomwezesha mgeni kujiamulia, zivitunze kwa ajili ya wenye ulemavu hadi vyumba vingine vyote vya aina hiyo vichukuliwe, na zihakikishe kwamba chumba mahususi kilichowekwa ndicho kitakachotolewa. Nchi nyingine zina sheria zao, na nyingine hazina kanuni ya kina kiasi hicho. Popote ulipo, omba uthibitisho wa maandishi unaotaja namba ya chumba na aina ya bafu, kwa sababu ahadi ya simu hupotea zamu ya mapokezi inapobadilika.

Maswali haya yapeleke kwa mtu aliye ndani ya hoteli yenyewe. Anayepokea simu katika kituo cha kuwekea nafasi husoma kilichoandikwa mbele yake, na mara nyingi hajawahi kukiona chumba. Mwombe msimamizi au fundi wa hoteli aingie chumbani na futi, apige picha kutoka mlangoni, pembeni mwa kitanda, mbele ya choo na mbele ya sinki la jikoni, kisha akutumie. Picha za matangazo hupigwa kutoka pembe inayokuza chumba, na hazionyeshi vizingiti. Katika picha utakazotumiwa, angalia sakafu: zulia nene huongeza kazi ya kusukuma kwa kila hatua, na chuma chembamba kilichoinuka mlangoni mwa bafu kinatosha kuyasimamisha magurudumu madogo ya mbele.

Bafu ndilo linalostahili maswali mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kuna vyumba vinavyotajwa kuwa vinafaa ilhali vina beseni kubwa la kuogea lenye vyuma vya kujishikia ukutani tu. Mtu anayeweza kusimama kidogo ataridhika navyo, lakini asiyeweza kusimama hawezi kuvitumia pasipo benchi la kuhamia. Uliza kama kuna kizingiti chochote kwenye eneo la kuogea, hata cha sentimita mbili. Uliza kiti cha kuogea ni cha aina gani: kimefungwa ukutani, au ni stuli ya plastiki inayoletwa ukiomba? Ikiwa kimefungwa, je, mtu aliyekikalia anazifikia koki za maji, au ziko ukuta wa pili? Nimeona bafu lililojengwa vizuri kila upande, kiti kikiwa imara na vyuma vikiwa mahali pake, isipokuwa bomba la mkono la mvua lilitundikwa juu kabisa, kwenye ndoano ambayo aliyeketi haifikii. Kosa hilo huondoka kwa dakika moja mhudumu akishusha bomba, lakini likirudiwa kila baada ya usafi wa chumba, linamfanya mtu mzima asubiri mwenzake ndipo aoge.

Choo nacho kina mambo yake. Kimo cha kiti cha choo kwa viwango vya Marekani ni kati ya sentimita 43 na 48. Kilinganishe na kimo cha kikalio chako. Kisha uliza kuna nafasi kiasi gani pembeni mwa choo, na upande gani, wa kulia au wa kushoto. Mtu ambaye mkono mmoja tu una nguvu, au aliyezoea kujihamisha kwa upande mmoja, hawezi kubadilishiwa upande kwa sababu tu jengo limechorwa hivyo. Watumishi wa hoteli pia wana tabia ya kuweka kabati dogo la taulo au pipa la taka mahali pale pale panapotakiwa kuegeshwa kiti, kwa hiyo omba viondolewe kabla hujafika.

Kwa wale ambao miguu yao haina hisia, mambo mawili ya bafuni yana hatari ya kweli. La kwanza ni mabomba ya maji ya moto chini ya sinki, ambayo yakiwa wazi huchoma goti pasipo mwenyewe kujua. Uliza kama yamefunikwa. La pili ni joto la maji yenyewe. Viwango hivyo vya Marekani huweka kikomo cha takriban nyuzi 49 za Selsiasi kwa mabomba ya mkono ya kuogea, na hata joto hilo ni kali kwa ngozi likikaa muda. Jiwekee kanuni ya kuyapima maji kwa mkono wenye hisia kila mara, hata baada ya kulizoea bafu.

Kuhusu kitanda, wengi hushangaa kusikia kwamba viwango hivyo haviweki kimo maalumu cha kitanda wala nafasi ya chini yake, hata katika chumba kilichotengwa kwa wenye ulemavu. Hoteli nyingi hupenda magodoro mazito, na kitanda chenye kimo cha sentimita 60 au 65 si ajabu, wakati kikalio cha viti vingi kiko karibu na sentimita 50. Uliza kimo kuanzia sakafuni hadi juu ya godoro likiwa limetandikwa. Kikizidi, uliza kama fremu inaweza kushushwa au godoro la chini kuondolewa. Kwa mgeni wa miezi miwili hili ni ombi la haki, na hoteli nyingi huliweza zikiarifiwa mapema. Anayetumia kifaa cha kumnyanyua kutoka kitini aulize pia kama chini ya kitanda pako wazi, kwa sababu miguu ya kifaa hicho lazima ipite hapo. Kitanda kilichojengwa juu ya boksi la mbao lililozibwa pande zote huifanya safari nzima ishindikane, na hilo halionekani katika picha yoyote ya kitanda kilichotandikwa shuka hadi sakafuni. Njia mbadala ni kukodi kitanda cha hospitali kwa muda wa kukaa, ukishapata ruhusa ya hoteli.

Jiko ndiyo sababu ya kuichagua hoteli ya namna hii, hivyo lisichukuliwe kama ziada. Meza ya kufanyia kazi inapaswa kuwa na nafasi ya magoti chini yake, na kimo chake kisizidi sentimita 86. Swichi za jiko ziwe mbele au pembeni, ili usivuke moto kwa mkono kila unapopunguza joto. Oveni ya mikrowevu iliyotundikwa juu ya jiko ni ya hatari kwa anayeketi, kwa sababu supu ya moto huteremshwa kuelekea usoni. Omba iwekwe mezani. Vyombo na sahani vishushwe kwenye makabati ya chini, na jokofu liwe na friza inayofikika. Kama dawa zako zinahitaji baridi, uliza ukubwa wa jokofu pia.

Mashine za kufulia zinazofunguliwa kwa mbele zinafikika kitini, zile za kufunguliwa kwa juu hazifikiki kwa urahisi. Usafi wa chumba katika hoteli hizi mara nyingi ni mara moja kwa wiki, kwa hiyo panga nani atabadilisha shuka na kubeba taka hadi kwenye mapipa ya nje.

Umeme unahitaji umakini kwa wenye viti vya betri. Nchi nyingine zina umeme wa volti 100 hadi 127, nyingine 220 hadi 240. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja: ikiwa imeandikwa volti 100–240, unahitaji kichwa cha kubadilishia plagi tu, ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, kichwa hicho hakipunguzi volti, hivyo chaja itaungua ikichomekwa kwenye 230, na kiti hakitasogea tena hadi upate nyingine. Kuagiza chaja ya pili inayolingana na nchi uendayo ni gharama inayostahili. Uliza pia kama kuna soketi karibu na kitanda, ili kiti kichajiwe usiku kikiwa mkono unapokifikia. Beba tyubu za akiba, pampu, funguo za skrubu zinazolingana na kiti chako, na anwani ya fundi wa viti aliye karibu na hoteli, uliyemtafuta ukiwa bado nyumbani.

Ikiwa unatumia katheta, mifuko ya mkojo au dawa za kila siku, chukua akiba inayozidi muda wa kukaa, na uulize kama hoteli hupokea na kutunza vifurushi vya mgeni. Mto wa kukalia ukaguliwe kabla ya safari, maana kidonda cha mgandamizo, yaani kile kinachotokana na kukalia sehemu moja ya ngozi kwa muda mrefu, kikianza ugenini hukatiza mipango yote. Msaidizi akija nawe, uliza kama analipiwa na kama chumba kina kitanda cha pili kisichoziba njia ya kiti.

Moto ukitokea, lifti huwa hazitumiki. Omba chumba cha ghorofa ya chini, na kikikosekana, uliza mahali pa kusubiria uokoaji palipo salama kwenye ghorofa yako, kama hoteli ina kiti maalumu cha kuteremshia mtu ngazini, na kama watumishi wa usiku wanajua kukitumia. Waombe mapokezi waandike kwenye orodha yao kwamba aliye chumbani humo hawezi kushuka ngazi.

Mkataba usomwe wote. Baadhi ya hoteli za muda mrefu humtaka mgeni atoke au ahamie chumba kingine baada ya takriban wiki nne, na kwa msafiri wa kawaida huko ni kubeba mabegi tu. Kwako wewe, chumba cha pili kinachofaa huenda hakipo, hivyo pata kwa maandishi kwamba utaratibu huo hautakuondoa katika chumba ulichothibitishiwa. Angalia pia kama malipo ya mwezi hurudishwa pale chumba kinapopatikana kuwa tofauti na kilivyoelezwa, na usilipe zaidi ya wiki ya kwanza kabla hujakiona ikiwa hoteli inaruhusu hivyo.

Siku mbili kabla ya kuwasili, piga simu tena na usomewe namba ya chumba. Panga kufika mchana, wakati msimamizi na fundi wapo kazini, kwa kuwa nyingi ya hoteli hizi hazina mtu mapokezi usiku kucha. Kabla mabegi hayajafunguliwa, ingia bafuni na kiti chako, funga mlango, geuka, jihamishe hadi chooni na kitandani, kisha fikia koki na swichi zote. Kinachohitaji kushushwa, kuondolewa au kurekebishwa kitajwe saa hiyo hiyo, fundi akiwa bado hajaondoka.