Samaki akitoka vidoa vyeupe
Ukiona chembe nyeupe mkiani, kama samaki kanyunyiziwa chumvi, na anajisugua kwenye mawe, usimwage maji yote. Mimi niliyamwaga, samaki wangu wa kwanza wa dhahabu akafa usiku uleule, na mpaka leo naumia.

Huyo ana kimelea. Kikiwa ndani ya ngozi, dawa haikifikii. Hufa pale kinapotoka kuogelea kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana tibu tangi zima, na uendelee siku 10 hadi 14 hata vidoa vikitoweka mapema.

Badilisha robo ya maji tu. Maji ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi saa 24, klorini itoke. Hamisha mimea, chumvi huiunguza. Kisha chumvi gramu 2 kwa lita: tangi langu la lita 60 huchukua gramu 120. Naiyeyusha pembeni, naitia kidogo kidogo kwa siku mbili. Ukibadilisha maji tena, rudishia chumvi ya maji uliyotoa tu.

Pampu ya hewa isizimwe. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena.