Kuku wa nyumbani Mwanza: kiangazi kisikukute hujachanja

Masika ikikatika mwishoni mwa Mei, hewa ya Mwanza hugeuka ghafla. Mchana jua linachoma, alfajiri kuna ubaridi, na vumbi linapanda na upepo mkavu unaopenya kati ya mawe ya Igogo, Mabatini na Kitangiri. Huo ndio wakati wafugaji wengi huanza kuhangaika na viroba na maboksi ili wazibe banda. Wanaogopa baridi. Lakini kuku mkubwa mwenye manyoya kamili ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42, na usiku wa Julai huku kwetu huwa kwenye nyuzi 15 au 16 hivi. Hiyo si baridi ya kumuua. Kinachomaliza kuku kati ya Juni na Septemba ni kideri. Baada ya hapo ni hewa chafu ya banda lililozibwa kila tundu, na chakula kinachokosekana majani yakishakauka.

Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi. Hupamba moto kiangazi kwa sababu kuku wanazunguka sana baada ya mavuno. Wanauzwa mnadani, wanapelekwa harusini na misibani, mgeni anafungiwa jogoo wa kuondoka naye, bodaboda anabeba tenga zima kutoka kijijini hadi mjini. Kuku mmoja anayezubaa akiingia uani jioni, ndani ya siku chache unaweza kubaki na vibakuli vya maji tu. Dalili zake wengi wanazijua: manyoya kusimama, kuhema mdomo wazi, kuharisha kijani, mabawa kulegea, na wanaochelewa kufa kupinda shingo. Tiba hakuna. Shubiri, pilipili na muarobaini havizuii kideri, na ile dawa ya unga ya kuweka kwenye maji ambayo muuza duka atakupa kwa haraka ni ya bakteria, haigusi virusi. Hela hiyo ingetosha kununua chanjo mapema.

Chanjo iliyo rahisi kwa mwenye kuku wachache ni ile ya tone la jicho inayostahimili joto, I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Utaratibu unaofaa ni mara tatu kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba. Ukikosa zote, usikose ya Mei. Kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka, kwa hiyo anayechanja siku aliposikia kuku wa jirani wanakufa ameshachelewa, na kuku ambaye tayari ana virusi atakufa hata akipewa tone lake.

Uchanjaji wenyewe unafanyika jioni au alfajiri kuku wakiwa bado ndani. Mtu mmoja anamkumbatia kuku na kubana mabawa, mwingine anageuza kichwa jicho moja litazame juu, anadondosha tone moja tu, kisha anasubiri kuku apepese. Asipopepesa, tone limemwagikia shavuni, rudia. Kifaranga na jogoo wanapata kipimo kilekile, tone moja. Kustahimili joto maana yake si kuachwa juani kwenye dirisha la daladala: ifunge kwa kitambaa kibichi, ibebe kivulini, na ukishaifungua imalize siku hiyohiyo. Chupa moja huwa na matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, basi changeni na majirani mchanje mtaa mzima kwa siku moja. Hilo lina faida kuliko kuchanja peke yako, maana kuku wa kienyeji hajui mpaka wa uwanja.

Wanaotumia chanjo ya kuchanganya na maji wawe waangalifu na maji ya bomba. Klorini inaua chanjo. Tumia maji ya mvua au ya kisima kisafi.

Tukirudi kwenye banda. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni turubai kuanzia ardhini hadi kwenye bati. Ndani humo kuku wanapumua, wanajisaidia, na asubuhi ukifungua mlango macho yanawasha. Hewa hiyo inachubua njia ya pumzi, na ndiyo inayofungua mlango kwa mafua ya kuku: uso unavimba, jicho linafunga, pua inatoa ute wenye harufu mbaya. Halafu mfugaji anasema ni baridi, anaongeza kiroba kingine.

Kanuni ni kuziba chini na kuacha juu wazi. Kinga ifike juu kidogo ya kichwa cha kuku aliyelala kwenye fito, na kuanzia hapo hadi kwenye paa pabaki wavu mtupu. Kwa nyumba za mlimani si rahisi kukisia upepo unatoka wapi, kwa sababu mchana unavuma kutoka ziwani, usiku unageuka kutoka nchi kavu, na mawe yanauzungusha. Funga unyoya mwepesi kwenye uzi, ingia bandani kama saa nne usiku, uushike usawa wa fito. Ukitulia au ukicheza kidogo, sawa. Ukipeperuka na kulala, upande huo unahitaji kinga. Kisha chuchumaa uvute hewa puani. Ukisikia harufu kali inayochoma, maranda yabadilishwe na juu paongezwe nafasi. Kuku 5 wa kienyeji kwa mita moja ya mraba wanatosha.

Ukiwa humo usiku, mulika nyufa za fito na pembe za viota. Utitiri hujificha mchana na kutoka gizani kunyonya damu, na kuku anayenyonywa hatagi vizuri hata umlishe nini. Dawa ya unga ya duka la mifugo inafanya kazi ukiipaka hadi kwenye nyufa, na ukirudia baada ya siku saba hadi kumi ili kuwapata waliokuwa bado mayai. Viroboto walioganda kuzunguka macho na kilemba wapake mafuta ya mgando, watakosa pumzi na kuachia. Wawekee pia shimo la majivu na mchanga mkavu waogee.

Kuna jambo moja la kuwekana sawa. Ukitafuta kwenye simu ushauri wa kuku na msimu wa baridi, utaambiwa uwashe taa bandani jioni ili kuku waendelee kutaga. Ushauri huo ni sahihi huko ulikoandikwa. London mwezi Desemba urefu wa mchana haufiki saa 8, na kuku hutaga kwa kuongozwa na urefu wa mwanga. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na mchana wetu una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima. Matetea wako wakipunguza mayai Julai, usinunue balbu. Angalia kama wananyonyoka manyoya, kama wanaatamia kwa kificho, kama wana minyoo au wadudu, na zaidi ya yote angalia wanakula nini.

Wakati wa masika kuku anayezurura anajipatia mchwa, panzi na majani mabichi. Kiangazi vyote hivyo hupungua, na pumba tupu haziwezi kuziba pengo. Protini yetu ya karibu ni dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo bei pale Mwaloni Kirumba hupanda mbalamwezi inapokuwa kubwa na kushuka giza likirudi. Nunua wakati wa giza, na nunua kiangazi, maana wakati wa mvua dagaa hawakauki vizuri na huoza haraka. Waliokaushwa chini wana mchanga mwingi: chota kiganja, weka kwenye ndoo ya maji, koroga, uone kinachotuama. Ukiona mchanga mzito, omba wa kichanja hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu kwenye mzani mchanga nao unaulipia.

Mchanganyiko wa kilo 10 hivi kwa matetea wanaotaga unaweza kuwa hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 4, pumba za mahindi kilo 2 na nusu, mashudu ya alizeti kilo 2, dagaa waliosagwa gramu 800, makombe ya konokono yaliyosagwa gramu 700, na chumvi gramu 30. Wasiotaga punguza sana makombe. Kuku anayezurura mpe gramu 50 hivi jioni, wa kufungiwa siku nzima anahitaji kama 110 hadi 120. Dagaa wasizidi sehemu moja ya kumi, la sivyo mayai na nyama vitanuka samaki.

Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba, na mashudu ya pamba ni bei poa. Kwa ng'ombe sawa, kwa kuku wanaotaga nashauri uyaache. Yana sumu ya asili inayofanya kiini cha yai kigeuke rangi ya kijani chafu, hasa yai likikaa, na mteja wa chipsi akivunja yai la namna hiyo hatarudi. Mahindi yenye ukungu nayo usiyasukumie kuku eti kwa kuwa hayafai kwa ugali. Sumukuvu inaharibu ini la kuku na kinga yake, hata chanjo isishike vizuri.

Vifaranga ndio pekee ambao baridi ni adui yao wa kweli. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Huhitaji kipimajoto sana, wasome wenyewe: wakirundikana karibu na moto wana baridi, wakitawanyika ukutani huku wanahema wana joto, wakijibana upande mmoja kuna upepo unaingia upande wa pili. Anayetumia jiko la mkaa aache tundu la hewa juu. Moshi usioonekana huua kifaranga na mtu aliyelala chumba hichohicho.

Kwa walio jirani kabisa na maji, kuanzia Ilemela hadi visiwani, okota mayai mara mbili kwa siku, kenge hawana likizo. Bata wafugwe mbali na kuku, na kuku wasinywe kwenye madimbwi ya ufukweni wanakotua ndege pori. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kwenye mwambao wa ziwa hilihili, kwa ndege pori na kwa wafugwao. Kuku mpya, hata aliyenunuliwa kwenye Nane Nane pale Nyamhongolo akiwa mzuri kiasi gani, akae peke yake wiki mbili, na umhudumie wa mwisho baada ya wako. Wakifa kadhaa kwa mpigo usichinje waliobaki na kuwauza haraka haraka sokoni, na mizoga usiitupe ziwani. Fukia kwa kina ambacho mbwa hafukui, na mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.