Kutafuta jeni za kisukari kwenye data ya Kanda ya Kati: mambo ya kufanya kabla ya kuamini jibu

Umemaliza shahada ya uzamivu, umekabidhiwa faili za vinasaba pamoja na orodha ya wagonjwa wa kisukari aina ya 2, na una hamu ya kuanza uchambuzi leoleo. Nafanya kazi hii hapa Dodoma. Nakuomba usubiri kidogo.

Hatua ya 1: Uliza damu ilitoka wapi

Kabla hujafungua PLINK, programu ya kuchambua vinasaba, omba daftari la waliokusanya sampuli. Kanda yetu ina watu wenye asili tofauti sana: Wagogo na Warangi ni Wabantu, Wairaqw ni Wakushi, Wabarbaig ni Waniloti, na Wasandawe wa Chemba wana lugha ya vidoko isiyo na undugu na hizo nyingine. Kwa basi ni safari ya saa chache tu, lakini vinasaba vina historia ndefu ya kutengana.

Data yangu ya kwanza ilikuwa na wagonjwa wa kliniki ya mjini na wazima kutoka maboma ya wafugaji upande wa Singida. Mchoro wa matokeo, ambao kilele chake huonyesha mahali wagonjwa na wazima wanapotofautiana, ulitoa kilele kirefu kwenye kromosomu ya 2. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikatazama jeni iliyo jirani: LCT, ya kimeng'enya kinachomeng'enya sukari ya maziwa. Utafiti wa 2007 ulishaonyesha kuwa wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana tofauti eneo hilo inayowawezesha kunywa maziwa ukubwani bila shida. Nilikuwa nimelinganisha wafugaji na watu wa mjini. Kisukari hakikuwamo.

Hatua ya 2: Safisha

Ondoa sampuli, kisha alama (sehemu za vinasaba zilizopimwa), zenye mapengo zaidi ya 5% (`--mind 0.05`, `--geno 0.05`). Ni kazi ya dakika chache. Kipimo cha Hardy-Weinberg, kinachoangalia kama matoleo ya alama yamegawanyika kama inavyotarajiwa ndani ya kundi moja, ndicho cha kuangalia sana: ukiweka Wagogo na Wasandawe kapu moja, alama zisizo na kasoro zitaonekana mbovu nawe utazitupa. Pima kila kundi peke yake.

Hatua ya 3: Chora watu wako

Punguza alama zinazorithiwa pamoja (`--indep-pairwise 50 5 0.2`), endesha `--pca`, inayowapanga watu kwenye mchoro kwa jinsi vinasaba vyao vinavyofanana, kisha paka rangi kwa kijiji na kwa ugonjwa. Wagonjwa wakijikusanya kona moja na wazima kona nyingine, rudi ukaombe sampuli zaidi. Hesabu haitaziba pengo hilo. Wanakijiji wengi ni ndugu, kwa hiyo tumia programu ya REGENIE, inayozingatia undugu, badala ya kuwatupa.

Hatua ya 4: Kihoji kipimo cha HbA1c

Hapa ndipo wagonjwa wetu wanapopotea. Kipimo hiki cha sukari ya miezi mitatu husoma sukari iliyonasa kwenye himoglobini. Chembe nyekundu zikifa mapema, sukari hainasi vya kutosha na namba inashuka. Utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa wanaume wenye aleli (toleo) T ya alama ya rs1050828, kwenye jeni ya G6PD inayolinda chembe hizo, husoma chini kwa takriban asilimia 0.8 ya kipimo. Mwanaume mwenye 5.9 huenda kwa kweli yuko 6.7, na mpaka wa ugonjwa ni 6.5. Anaambiwa yuko salama, anarudi nyumbani na kisukari chake. Kubeba selimundu nako hushusha namba, na malaria imezifanya tofauti zote mbili ziwe za kawaida Afrika.

Alama ya G6PD iko kwenye kromosomu X, ambayo wengi huiondoa mwanzoni ili kurahisisha kazi. Usiiondoe. Ingiza rs1050828 na rs334 ya selimundu kwenye modeli, na uombe pia sukari ya kabla ya kula, ambayo mpaka wake ni 7.0 mmol/L.

Hatua ya 5: Jaribu kwa jeni inayojulikana

Tafuta alama ya rs7903146 kwenye TCF7L2, jeni ya kisukari iliyoripotiwa 2006. Aleli T inapaswa kuongeza hatari. Sampuli zikiwa mia chache usidai 5 × 10⁻⁸, kiwango cha uhakika kinachodaiwa kwa kawaida; tazama mwelekeo. Ukiwa umegeuka, kagua kwanza faili yako inahesabu aleli ipi. Ukikaa sawa, nenda ZRANB3, jeni nyingine ya kisukari iliyoripotiwa 2019 kwa watu wa Nigeria, Ghana na Kenya, uone kama nayo inajitokeza kwa watu wetu.