Mtambue Panya Kabla ya Kumtega

Mtu akisikia mkwaruzo darini usiku, mara nyingi kesho yake huenda dukani kununua sumu. Naona huo ni mwanzo mbaya, kwa kuwa jina la panya hubeba wanyama kadhaa wenye tabia tofauti, na mtego unaomnasa mmoja usiku wa kwanza unaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa na mwingine.

Anayekimbia juu ya kenchi kwa kawaida ni panya wa darini, ambaye masikio yake ni makubwa na mkia wake ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Yeye ni hodari wa kupanda, hivyo huingilia juu, akipitia tawi la mwembe linalogusa paa au uwazi ulioachwa kati ya bati na ukuta. Panya mdogo wa nyumbani, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, huishi ndani ya kabati na nyuma ya magunia. Panya shamba, ambaye mkia wake unakaribia kulingana na kiwiliwili, huja kutoka mashambani, hasa baada ya mavuno, na huzaliana kwa kasi ya kutisha: jike huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Panya buku, mwenye mkia uliomalizikia kwa rangi nyeupe, huchimba shimo nje na kubeba chakula mashavuni. Kirukanjia, mwenye pua iliyochongoka, si panya kabisa. Hula wadudu, na ningependa aachwe aende zake.

Kwa kuwa wanyama hawa huonekana kwa nadra mchana, chunguza alama zao. Kinyesi cha panya mdogo ni punje za milimita 3 hadi 6, ilhali cha panya wa darini hufikia sentimita 1 au kupita. Usikichanganye na kinyesi cha mjusi kafiri, ambacho kina nukta nyeupe kwenye ncha moja. Njia ninayoiamini zaidi ni kunyunyiza unga au majivu laini sakafuni kando ya ukuta jioni, utandazo mwembamba kabisa, kisha kuukagua alfajiri kwa tochi iliyolazwa chini ili mwanga upite kwa ubavu: utaona vidole 4 vya mguu wa mbele, 5 vya mguu wa nyuma, pengine na mstari wa mkia, na utajua kwa hakika anatokea wapi na anaelekea wapi.

Kazi kubwa ni kuziba. Panya mdogo hupenya tundu lenye upana wa kalamu ya risasi, kwa hiyo tundu la bomba chini ya sinki lisipuuzwe. Shindilia waya wa kusugulia masufuria kisha funika kwa saruji, kwa maana tambara au mbao hutafunwa. Pigilia kipande cha bati chini ya mlango, weka wavu wa chuma penye matundu ya hewa, na kata matawi yaliyo karibu na paa. Nafaka ikae kwenye pipa au debe lenye mfuniko. Kihenge cha nje kiinuliwe juu ya nguzo za mita 1 zilizovikwa bati pande zote, ili panya ateleze.

Mtego wa kubana uwekwe ukiwa umeegemea ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hupenda kutembea akijisugua pembezoni. Nazi iliyochomwa au dagaa, vikifungwa kwa uzi, ni chambo kizuri. Panya wa darini huogopa kitu kigeni, hivyo mwachie mtego usiotegwa kwa siku 3 au 4 ale bila hofu, ndipo uutege. Panya mdogo ni mdadisi. Usipompata kwa usiku 2, hamisha mtego.

Sumu naiweka mwisho, na ndani ya nyumba yenye watoto siishauri. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyekula hufa baada ya siku kadhaa, pengine ndani ya dari usikofikia, au huliwa na paka au bundi ambaye naye hudhurika. Tena yapo maeneo ambako kuua panya kwa pupa ni hatari: Lushoto, ambako tauni iliwasumbua watu kuanzia 1980 hadi mapema miaka ya 2000, viroboto wa panya aliyekufa humhama na kumtafuta binadamu. Penye hofu ya tauni, viroboto hushughulikiwa kwanza, na mzoga usioeleweka chanzo chake hutolewa taarifa kwa afisa afya.

Wakati wa kusafisha, usifagie kinyesi kikavu. Vaa glavu, lowesha kwa maji yenye klorini, subiri dakika 10, kisha pangusa. Homa ya mgunda, iliyotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Kwa kuwa mimba ya panya hudumu takriban wiki 3, endelea kutega na kunyunyiza unga kwa muda huohuo baada ya kumnasa wa mwisho.