Ndoano za treni ya modeli: zijaribu kwenye kona kali

Kabla hujanunua ndoano mpya (viunganishi vya mabehewa), chungulia chini ya behewa. Likiwa na kifuko cha NEM 362, yaani tundu la ndoano la kiwango cha Ulaya, ndoano huchomekwa na kuchomolewa kwa mkono, bila bisibisi wala gundi. Kwa skeli ya H0 (1:87), ndoano za kuchomeka za kampuni ya Kadee zina urefu wa aina nne, namba 17 hadi 20. Ya 17 ndiyo fupi zaidi. Fupi hupendeza, mabehewa hukaribiana, ila kwenye kona kali bafa (vikingio vya ncha za behewa) husukumana na behewa jepesi hutoka relini. Jaribu ukirudisha treni nyuma. Hapo ndipo kasoro huumbuka. Kubadilisha zote ni gharama: kwa mabehewa yasiyotenganishwa, badilisha za injini na za ncha mbili za msafara tu.