Umetoka kuigiza unataka kuongoza filamu na dokumentari? Anzia hapa

Kama we ni muigizaji na unataka kukaa nyuma ya kamera, usiondoke seti kipande chako kikiisha. Baki uone dairekta anaongea nini na mtu wa kamera, kwa nini wamebadili lenzi, kwa nini teki, yaani kurekodi kipande kilekile, imerudiwa mara 6 wakati we uliona ya 2 iko safi. Ile ni shule ya bure kabisa na wengi wanaiacha.

Alafu jina lako ni mtaji, litumie. Ron Howard alijulikana kwenye TV tangu mtoto, alipotaka kuongoza akakubaliana na prodyuza Roger Corman amchezee filamu moja kisha apewe nyingine aongoze, ikatoka 1977 akiwa na miaka 23. Baadaye sana ndo akaja na dokumentari, ya bendi ya Beatles 2016 na ya mwimbaji wa opera Pavarotti 2019.

We anza na filamu fupi, dakika 5, watu wawili chumba kimoja, na uediti mwenyewe. Hapo ndo utajua hukushuti mkono ukiweka kikombe chini na sasa vipande viwili vimegoma kuungana, kosa hilo hurudii tena. Na tafadhali usimwigizie muigizaji mstari wake, mkumbushe tu mhusika anataka nini, we mwenyewe unajua inavyokera kuonyeshwa.

Dokumentari sasa, hapa uigizaji unakuponza. Umezoea mwenzio akimaliza we unadaka, kwa hiyo mtu akijibu tu ushamrukia na swali jingine. Acha. Hesabu kimoyomoyo mpaka 5 kamera ikiendelea kurekodi, mara nyingi atavuta pumzi aangalie pembeni aongeze kitu, na hicho ndo ulichokifuata. Akilia usimwambie arudie eti taa haikukaa vizuri, yule haigizi, ni maisha yake, na ruhusa ya maandishi uwe umeichukua mapema.

Watu wakipishana maelezo usihangaike kuwapatanisha. Sarah Polley, naye alianza kuigiza utotoni, 2012 alitoa dokumentari kuhusu mama yake aliyefariki, ndugu na marafiki kila mtu anasimulia lake na yeye akaziacha tofauti zao, mi naona nguvu yote iko hapo.

Kabla hujafungasha vifaa waombe wote wanyamaze, rekodi ukimya wa kile chumba sekunde 30, kwenye kuediti utauhitaji kuziba mapengo ya sauti.