Jinsi ya kuomba mkopo wa nyumba wa USDA ukiwa vijijini Marekani

Mama mmoja wa kutoka Uvira, Kongo, anayefanya zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama hapa Iowa, alimwaga mfuko mzima wa karatasi mezani kwangu: karatasi za mshahara, barua za shule, risiti za pango zilizoandikwa kwa mkono. "Ndugu yangu, nimesikia serikali inagawa nyumba."

Serikali haigawi nyumba. Inatoa mkopo, na kwa familia ya kipato kidogo inayoishi nje ya miji mikubwa sijaona mwingine wenye masharti nafuu kama huu. Kazi yangu ni kusaidia watu kuandaa maombi yake, na maswali ninayoulizwa kwa Kiswahili ni yaleyale kila wiki. Nayajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mkopo unaitwa Section 502 Direct. Msingi wake ni Sheria ya Nyumba ya 1949, na unatolewa na Idara ya Kilimo, USDA, kupitia tawi lake la Rural Development. Mara nyingi hakuna malipo ya kianzio. Muda wa kulipa ni miaka 33, au 38 kwa wenye kipato cha chini zaidi, na ruzuku inaweza kushusha riba hadi 1%. Ukipiga simu, taja neno Direct, kwa sababu kuna mkopo mwingine wa USDA unaopitia benki kwa dhamana ya serikali, na huo hauna ruzuku hii. Kwa ndugu Waislamu: hata hiyo 1% mkataba unaiita riba. Zungumzeni na mashehe wenu mapema, msingoje siku ya kusaini.

Hatua ya 1: Angalia mahali na kipato

Kwenye tovuti ya USDA kuna ramani. Andika anwani, itakuambia kama eneo linahesabika kuwa la vijijini. Usikate tamaa kwa kuwa mnaishi mjini. Miji midogo mingi imo.

Kisha angalia kikomo cha kipato cha kaunti yako. Familia ya watu 1 hadi 4 ina kikomo chake, na ya watu 5 hadi 8 ina kingine cha juu zaidi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: katika kupima kama mnastahili, kipato cha kila mtu mzima anayeishi humo kinahesabiwa, hata kama hatasaini mkopo. Kijana wako wa miaka 22 anayefanya kazi ghalani na kulala chumba cha nyuma, mshahara wake umo. Lakini katika kupima kama mtaweza kulipa, wanaangalia kipato cha wanaosaini tu. Kwa hiyo kaeni chini kama familia na mwamue nani atasaini kabla hamjagusa fomu.

Hatua ya 2: Sawazisha majina

Anayeomba awe raia, au mgeni mwenye hadhi inayokubalika kisheria, kama mwenye grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Weka pamoja kitambulisho, kadi ya Social Security (yenye namba yako ya hifadhi ya jamii), karatasi za mshahara za karibuni, fomu za kodi ya mapato pamoja na W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka), na taarifa za benki.

Sasa zipange mezani usome majina, herufi kwa herufi. Wengi wetu tuliandikishwa katika kambi ya wakimbizi na mtu aliyeandika alivyosikia. Grinkadi inasema hivi, kadi ya Social Security imegeuza jina la ukoo likawa la kwanza, na kwenye mshahara herufi moja imepotea. Kwetu ni jambo dogo. Kwa anayepitia faili, hao ni watu watatu. Kurekebisha huchukua muda, kwa hiyo anza na hili.

Hatua ya 3: Krediti, na hela ya upatu

Kuwa na alama za krediti, yaani namba inayopima unavyolipa madeni, 640 au zaidi kunarahisisha ukaguzi, lakini kutokuwa na historia ya krediti hakukufungii mlango. Unaweza kuonyesha ulivyolipa pango, umeme, simu na bima ya gari. Ndiyo maana nawasihi watu walipe pango kwa hundi au kupitia benki. Ukilipa taslimu, omba risiti yenye tarehe na saini kila mwezi.

Halafu upatu, au likelemba kama wanavyoita ndugu wa Kongo. Zamu yako ikifika, dola 3,000 zinaingia benki kwa siku moja, na ofisa atauliza zimetoka wapi. Usiseme ni zawadi. Eleza ukweli kwa barua: kikundi kina watu wangapi, kila mmoja anatoa kiasi gani, zamu yako ilikuwa lini. Nimeandika barua kama hizo nyingi, na zimeeleweka.

Hatua ya 4: Fomu kwanza, nyumba baadaye

Jaza fomu RD 410-4 (ya maombi ya mkopo) na RD 3550-1 (ya kuruhusu taarifa zako zikaguliwe), upeleke Rural Development inayohudumia kaunti yako. Fomu ni bure. Mtu akikutoza hela kwa ajili ya karatasi zenyewe, ondoka. Kwa mkalimani usimtumie mtoto wa shule; si haki kumbebesha deni la miaka 33.

Ukikubaliwa unapewa cheti cha kustahiki chenye kiwango cha mkopo. Hapo ndipo unapotafuta nyumba. Nimeona familia ikilipa amana ya nyumba waliyoipenda kabla ya cheti, na amana haikurudi. Kama ni nyumba yako ya kwanza, utapitia pia mafunzo ya ununuzi wa nyumba.

Uliza kama jirani kuna mpango wa kujijengea kwa pamoja. Familia kadhaa hujengeana nyumba zao na kufanya angalau 65% ya kazi kwa mikono yao. Anayejua msaragambo au salongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya 5: Kabla ya kusaini

Tuseme malipo kamili ni dola 1,000 kwa mwezi, nawe kwa ruzuku unalipa 650. Zile 350 zinaandikwa. Ukiuza nyumba au ukihama, unaweza kudaiwa sehemu yake au yote, kulingana na thamani ilivyopanda na miaka uliyokaa. Si hila, imo kwenye mkataba, lakini watu husaini bila kuielewa. Mwombe ofisa akuonyeshe ukurasa huo na akufanyie mfano kwa namba zako.

Ruzuku hupitiwa upya mara kwa mara, kwa hiyo mshahara ukipanda, waambie. Kazi ikipotea, piga simu kabla hujakosa malipo: malipo yanaweza kusitishwa hadi miaka 2.

Na kama mzee wako ana nyumba yake inayovuja, ulizia Section 504: ruzuku ya matengenezo hadi dola 10,000 kwa mwenye miaka 62 na kuendelea na kipato cha chini sana. Asiiuze nyumba ndani ya miaka 3, la sivyo atazirudisha.

Yule mama wa Uvira, fomu yake tumeshaijaza. Tunasubiri kadi ya Social Security irudi ikiwa na jina lake sahihi, kisha tutie tarehe.